Saa ya Vifungu: Namna ya Kuendesha Siku Moja ya Baraza la Juu

Kikao cha alasiri cha Seneti ya Kenya hufunguliwa saa nane na nusu mchana na kufungwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Hizo ni dakika 240, na ndiyo mali yote aliyo nayo Spika kwa alasiri hiyo. Zikiliwa na salamu za wageni, pongezi, rambirambi, kauli za maseneta na hoja za nidhamu zisizo na msingi, muswada uliopangwa kuwa shughuli ya kumi na mbili hauguswi. Kesho unachapwa tena kwenye Orodha ya Shughuli. Wiki ijayo unachapwa tena. Muhula wa Bunge unaisha ukiwa bado umelala palepale, na kazi ya miaka inaanza upya.

Tunachotaka kusema ni kimoja. Baraza la juu, yaani chumba cha pili cha bunge kama Seneti hiyo, lipo kwa ajili ya vifungu. Serikali haiundwi humo wala haiangushwi humo. Linachotoa ni maneno ya sheria yaliyosomwa mara ya pili kwa macho mengine na kunyooshwa. Kwa hiyo kila uamuzi wa siku, nani aseme, aseme dakika ngapi, kengele ipigwe lini, upimwe kwa swali hili: je, saa ya vifungu itabaki?

Uganda hatuna baraza la juu. Katiba ya 1995 ilituwekea Bunge la chumba kimoja, nalo hukaa Kampala Jumanne, Jumatano na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Lakini kati ya nchi tano tunazopakana nazo, ni Tanzania peke yake yenye bunge la chumba kimoja kama sisi. Kenya, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini zote zina vyumba viwili, na mfanyabiashara wa Busia au Malaba anaguswa na sheria zinazopita Nairobi karibu sawa na zinazopita Kampala. Zaidi ya hapo, diwani wa wilaya, katibu wa baraza na mjumbe wa serikali ya wanafunzi Makerere wana shida ileile: muda mfupi, wasemaji wengi, karatasi nyingi. Tutaitumia Seneti ya Kenya kama mfano mkuu, tutachungulia Baraza la Malordi la Uingereza pale lenye la kufundisha, kisha turudi nyumbani kwenye akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo, jambo ambalo Uganda imejifunza kwa gharama kubwa.

Orodha ya leo hutengenezwa jana

Siku ya Jumatano huanza Jumanne jioni, mezani kwa katibu. Swali la kwanza si kwamba tuna shughuli gani, bali shughuli hii ni yetu? Katiba ya Kenya, Ibara ya 110, inataka maspika wa mabunge yote mawili waamue pamoja, kabla muswada haujaanza kujadiliwa, kama unahusu kaunti au la. Si jambo la adabu tu kati ya viongozi wawili. Oktoba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila kuishirikisha Seneti zilikuwa batili. Rufaa ilikuja kubadilisha sehemu ya uamuzi huo, lakini kila katibu alipata ujumbe. Barua ya maspika wawili iwe ndani ya jalada la muswada kabla jina la muswada halijaandikwa kwenye orodha. Kama haimo, muswada ungoje.

Baada ya hapo, kwa kila shughuli katibu aulize mambo matatu na kuyaandika kwa penseli pembeni. Mwenye hoja yupo, na mwenye kuiunga mkono yupo? Usitume ujumbe ukaridhika. Piga simu usikie sauti yake, kwa sababu hoja ikiitwa na mwenyewe hayupo inaporomoka, na nafasi yake kwenye orodha imekwisha kupotea. Karatasi zimefika mikononi mwa wajumbe? Ripoti ya kamati inayogawiwa mlangoni dakika tano kabla ya mjadala huzaa hoja za nidhamu kuhusu ripoti, na muswada wenyewe unasahaulika. Na tatu, shughuli hii itahitaji kura ya aina gani? Hili la tatu wengi huliacha, nalo ndilo linaloamua shughuli ikae sehemu gani ya siku.

Sasa piga hesabu ya dakika. Chukua muswada wenye vifungu 40 na marekebisho 25 yaliyowasilishwa. Vifungu visivyo na marekebisho huhojiwa, yaani wajumbe huulizwa kama wanavikubali au wanavikataa, kwa mkupuo: dakika 5. Marekebisho 25 ukiyapanga katika makundi 10 yanayofanana, kila kundi dakika 8: dakika 80. Jina la muswada, ripoti ya Kamati ya Seneti Nzima (maseneta wote wakikaa kama kamati kupitia vifungu) na kusomwa mara ya tatu: dakika 10. Jumla 95. Toa 95 kwenye 240, unabaki na 145. Dua, mawasiliano ya Spika, hati za kuwasilisha mezani na ilani za hoja zipewe dakika 20. Kauli za maseneta 45. Zimebaki 80 kwa mjadala wa muswada mwingine unaosomwa mara ya pili, hatua ya kujadiliwa kwa jumla. Hapo siku imejaa. Anayeleta shughuli nyingine aambiwe wazi ni ipi ataiondoa.

Mpangilio wenyewe uwe hivi: vifungu na kura vije mara tu baada ya kauli, na mjadala wa jumla uje mwisho. Kwa hesabu yetu vifungu vinaanza saa tisa na dakika 35 na kumalizika saa kumi na moja na dakika 10. Mjadala unachukua muda uliobaki hadi kufunga. Wengi hupanga kinyume, wakidhani mjadala mkubwa ndio wa heshima. Lakini kuanzia saa kumi na moja viti vinaanza kuwa wazi. Mjadala unaweza kuendelea na watu wachache, kwa kuwa akidi ya Seneti ni maseneta 15. Kura inayohusu kaunti haiwezi, na tutaeleza sababu.

Nairobi mipango hii hupita kwenye Kamati ya Shughuli za Seneti, na kila Alhamisi Kiongozi wa Walio Wengi husoma mbele ya wote shughuli za wiki inayofuata. Desturi hiyo ni nzuri mno kwa mabaraza yetu ya wilaya. Diwani anayejua leo kwamba bajeti ya barabara inakuja wiki mbili zijazo atakuja akiwa ameisoma.

Mdomo wa orodha

Sehemu ya mwanzo ya orodha ndiyo inayokula siku, na inakula taratibu, bila mtu kuona. Seneta mmoja anaomba kauli kuhusu zahanati isiyo na dawa katika kaunti yake. Ni jambo zito, na ni haki yake. Wa pili anasimama kumuunga mkono, naye ana zahanati yake. Wa tatu ana zahanati na daraja. Dakika arobaini zimekwenda kwa kauli moja, na nyingine saba zinangoja. Hakuna aliyevunja kanuni. Aliyekosa ni mwenye kiti, kwa kutotaja mwisho kabla ya mwanzo.

Taja mwisho. Kabla ya kauli ya kwanza Spika aseme: "Kauli zitaisha saa tisa na dakika 35. Mwenye kauli ana dakika tatu. Wachangiaji ni watano kwa kila kauli, dakika moja kila mmoja." Kwa kipimo hicho kauli moja haizidi dakika 8, na kauli tano zinatosha ndani ya dakika 45. Ya sita iende kesho, tena iwe ya kwanza, na mwenyewe aambiwe asubuhi, asije akagundua akiwa amekaa ukumbini.

Malordi wa Uingereza wanatufundisha hapa. Kipindi chao cha maswali huwa na maswali manne, dakika kumi kila moja. Dakika ya kumi ikifika, swali linalofuata linaitwa, hata kama waziri hajamridhisha mtu. Lakini wana jambo jingine ambalo hatushauri liigwe kwetu. Spika wao hana mamlaka ya kumchagua msemaji wala kumrudisha mjumbe kwenye utaratibu. Wajumbe hujitawala wenyewe, na anayezungumza huwahutubia wenzake, si mwenye kiti. Mfumo huo umesimama juu ya mazoea ya vizazi. Ukiupeleka kwenye baraza changa lenye vyama vinavyoviziana, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa Spika.

Salamu za wageni zitolewe mara moja tu, na mwenye kiti, kwa vikundi vyote vya siku hiyo katika sentensi moja. Kila shule ikisalimiwa na mjumbe wake na kiranja (msimamizi wa wajumbe wa chama) wa kila upande, robo saa imeondoka. Rambirambi za kiongozi mkubwa zipewe hoja yake maalumu na siku yake, zisivamie katikati ya kazi. Marehemu anastahili zaidi ya dakika za kuibia.

Hoja ya nidhamu

Hakuna silaha inayotumiwa vibaya kuliko hii. Tofautisha vitu vitatu. Hoja ya nidhamu ni madai kwamba kanuni inavunjwa sasa hivi. Taarifa ni nyongeza ya ukweli kwa anayesema, na haitolewi mpaka mwenyewe akubali kuipokea. Mwongozo ni ombi kwa mwenye kiti aeleze utaratibu. Mjumbe anayesimama aanze kwa kusema ni ipi kati ya hizo, na kama ni ya kwanza, ataje kanuni. Swali la mwenye kiti ni maneno mawili tu: "Kanuni ipi?" Asiyeweza kujibu kwa sentensi moja aketi.

Hivi ndivyo inavyosikika ikienda sawa:

"Hoja ya nidhamu, Bwana Spika. Je, ni haki kwa mheshimiwa kusema kwamba barabara ya kwetu imekamilika, ilhali sisi tunaoishi huko tunatembea kwenye matope?"

"Hiyo ni hoja ya kupinga, mheshimiwa, si ya nidhamu. Jina lako ni la nne kwenye orodha. Utayasema hayo zamu yako ikifika. Mheshimiwa uliyekuwa ukizungumza, endelea. Umebakiwa na dakika tatu na sekunde ishirini."

Angalia mambo mawili. Uamuzi umetolewa papo hapo, na aliyekatizwa amerudishiwa muda wake, kwa sababu karani wa saa alisimamisha saa mara hoja ilipoinuliwa. Saa ikiendelea kukimbia, hoja ya nidhamu inakuwa njia ya kumnyang'anya mwenzako dakika, nao watu watajifunza upesi. Pia usiruhusu hoja ya nidhamu juu ya hoja ya nidhamu. Ya kwanza iamuliwe, ndipo nyingine isikike.

Likija suala gumu kweli, usilibahatishe. Sema: "Nitatoa uamuzi kesho kabla ya shughuli ya nne; mjadala uendelee." Kisha uutoe kwelikweli, kwa maandishi, ukitaja namba ya kanuni. Uamuzi wa haraka uliokosewa huwa mfano wa kufuatwa, na miaka mitatu baadaye mtu atausoma kutoka kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala, dhidi yako.

Mjumbe akidaiwa kusema uongo, utaratibu ni athibitishe au afute kauli. Akisema ana ushahidi ila hakuja nao, mpe siku, na katibu wa mezani aandike jina, madai na siku hiyo katika daftari la ahadi. Siku ikifika, jambo liitwe hata kama kila mtu amelisahau. Daftari hili ni kitu kidogo cha shilingi elfu chache, lakini baraza lililo nalo huheshimika, kwa kuwa watu hupima maneno yao wakijua yameandikwa mahali.

Orodha ya wasemaji

Kwa mijadala mikubwa, Malordi huandikisha majina mapema na orodha hutolewa kabla ya mjadala kuanza. Tunalipenda hili kwa dhati. Msemaji anajua yeye ni wa kumi na moja. Anaweza kutoka kwenda kunywa maji na kurudi kwa wakati, badala ya kuinuka na kuketi saa nzima akimtafuta Spika kwa macho. Na mwenye kiti anaweza kugawa dakika kwa haki. Una dakika 80: mtoa hoja 12, majibu yake ya mwisho 8, zimebaki 60. Wameandikishwa 15? Kila mmoja dakika nne. Litangaze hilo kabla ya mtu wa kwanza kufungua mdomo. Ukianza na wanne wa kwanza kwa dakika kumi kumi, waliobaki hawatafikisha hata dakika mbili kila mmoja, na hao wa mwisho ndio aghalabu wajumbe wapya, wanawake na wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Hawakosi la kusema. Wamekosa saa tu.

Wapange kwa kupishana, upande huu na upande ule, lakini wajumbe wa kamati iliyochunguza muswada watangulie, kwa kuwa wao ndio waliowasikia wananchi na wataalamu. Aliyesema jana ashuke chini kidogo leo.

Kuhusu lugha: Kenya, Ibara ya 120 inazitaja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge, na kanuni zinamtaka aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa hiyo hiyo. Sababu ni ya kazi: wanaonakili Hansadi na wanaofasiri hawawezi kumkimbiza mtu anayerukaruka. Kwetu, Ibara ya 6 inaweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa ya pili, na inaruhusu lugha nyingine katika kazi za kutunga sheria kadiri sheria itakavyoeleza. Katika mabaraza ya wilaya ambako mjadala unatiririka kwa lugha ya mahali huku kumbukumbu zikiandikwa kwa Kiingereza, hatari iko kwenye tafsiri ya hoja. Kabla ya kuhoji, katibu aisome hoja kama ilivyoandikwa, kisha aieleze kwa lugha wanayoielewa wote. Diwani asipige kura juu ya maneno ambayo hajayasikia.

Saa yenyewe

Sasa tumefika kwenye vifungu, na hapa tusiwe na haraka. Kila rekebisho liwe na karatasi yake, limewasilishwa si baada ya saa kumi jioni ya siku iliyotangulia, ili lipangwe kwenye jedwali la marekebisho kufuata mfuatano wa vifungu. Karatasi nzuri ina mistari mitatu tu. Mfano: "Kifungu cha 7(2): ondoa maneno 'siku kumi na nne', weka maneno 'siku thelathini'. Sababu: wananchi wa mbali hawapati tangazo ndani ya wiki mbili. Vifungu vingine vinavyoguswa: 19(1)." Karatasi mbaya husema: "Muda uongezwe uwe wa kutosha." Hilo ni ombi. Halina neno hata moja linaloweza kuingia kwenye sheria, na ukilikubali, mwandishi wa sheria ndiye atakayekutungia rekebisho usiku, jambo ambalo hakuna aliyempigia kura alifanye.

Mstari wa tatu, wa vifungu vinavyoguswa, ndio unaookoa sheria. Ukibadilisha siku kumi na nne kuwa thelathini katika kifungu cha 7, na kifungu cha 19 kinaendelea kumtoza faini asiyetimiza ndani ya siku kumi na nne, umetunga sheria inayomwadhibu mtu kwa kufanya inachomruhusu. Mteue ofisa mmoja ambaye kazi yake saa hiyo ni hiyo tu: kila rekebisho linapopita, anatafuta neno lile lile mahali pengine kwenye muswada na kumnong'oneza katibu.

Kupanga makundi ni desturi nyingine ya Malordi inayofaa. Marekebisho yenye shabaha moja, mathalani yote yanayohusu muda wa matangazo, hujadiliwa pamoja pale la kwanza linapoitwa. Yanayofuata yanahojiwa kwenye vifungu vyao bila hotuba mpya. Mwenye rekebisho akitaka lake litolewe kwenye kundi lijadiliwe peke yake, aruhusiwe. Kundi ni la kuokoa muda, si la kumficha mtu. Marekebisho 25 kwa makundi 10 ni tofauti ya zaidi ya saa nzima.

Kila kundi liende hivi: mtoa rekebisho dakika mbili, mwenyekiti wa kamati aseme analikubali au analikataa na kwa nini, wengine wawili watatu, kisha mwenye kiti ahoji. Pale rekebisho linapoondoa maneno na kuweka mengine, hoji mara mbili: kwanza kwamba maneno yanayopendekezwa kuondolewa yaondolewe, halafu kwamba maneno yanayopendekezwa kuingizwa yaingizwe. Inaonekana ni kurudiarudia, lakini mtu anaweza kuchukia siku kumi na nne na asipende thelathini. Hoji ya pili inampa nafasi yake.

Kifungu cha tafsiri, chenye maana za maneno, kiache hadi vingine vyote viishe, na jina la muswada lije mwisho kabisa pamoja nacho. Ukikipitisha mapema, na baadaye kifungu cha 23 kikaleta neno jipya, huna pa kuliwekea maana. Vifungu vipya na majedwali vije kabla ya tafsiri. Marekebisho ya kuandikwa kwa mkono ukumbini yakataliwe, isipokuwa ya kusahihisha herufi, namba au rejeo. Huo ni ukali wa lazima: karatasi ya dakika za mwisho haijasomwa na mtu yeyote isipokuwa aliyeiandika.

Kura, na somo la Kampala

Katika Seneti ya Kenya, jambo linalohusu kaunti hupigiwa kura kwa ujumbe wa kaunti: kaunti 47, kura 47, na kura ya kila kaunti hupigwa na kiongozi wa ujumbe wake. Ibara ya 123 inasema hoja hupita tu ikiungwa mkono na wingi wa jumbe zote za kaunti. Si wa zilizopo. Zote. Yaani 24. Wakiwepo 30 na 23 wakasema ndiyo dhidi ya 7, hoja imeanguka. Wakiwepo 23 na wote wakasema ndiyo, imeanguka vilevile. Asiyekuja amepiga kura ya hapana bila kunyanyua mkono.

Kutokana na hesabu hiyo kazi za viranja zinajipanga zenyewe. Kabla ya kikao kufunguliwa, kiranja awe na majina 27 au 28 ya waliosema watakuwepo kuanzia saa tisa na nusu, kwa sababu wawili watatu hukosekana siku zote. Kiongozi wa ujumbe anayesafiri amteue mwenzake wa kaunti hiyohiyo kupiga kura, na uteuzi huo ufike mezani mapema, usitangazwe kwa mdomo kura ikiwa imeanza. Na Spika aamue kabla ya mjadala, kwa sauti, kama jambo linahusu kaunti. Kama halihusu, kila seneta ana kura yake. Waliomo kwa viti maalumu wanahitaji kujua mapema wako upande gani wa mstari huo. Hesabu isipofika 24, mjadala ufungwe, kura isogezwe kwa siku inayotajwa. Kuhoji ukijua huna idadi ni kuuua muswada kwa mkono wako.

Sasa turudi Uganda. Ibara ya 88 ya Katiba inataka theluthi moja ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura wawepo jambo linapoamuliwa. Tarehe 20 Desemba 2013 Sheria ya Kupinga Ushoga ilipitishwa huku ikisemwa waziwazi ukumbini kwamba akidi haipo. Tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliifuta, si kwa maudhui yake bali kwa sababu hiyo tu. Mei 2023 sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ikafutwa kwa kosa hilo hilo, na Bunge likalazimika kuanza upya. Nyuma zaidi, mwaka 2000 Bunge liliirekebisha Katiba kwa haraka ili kulitibu tatizo la akidi. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikayafuta marekebisho hayo, kwa kuwa hayakufuata utaratibu ambao Katiba yenyewe imeuweka. Upande wowote unaousimamia katika sheria hizo, kazi ilipotea.

Kwa hiyo hesabu majina, usihesabu vichwa. Mtu anaposema akidi haipo, acha kila kitu. Kengele ipigwe kwa muda uliowekwa na kanuni, Mpambe wa Bunge afunge milango, makarani wawili wahesabu kila mmoja kivyake kwa orodha ya majina, na walinganishe. Mawaziri wasio wabunge wa kuchaguliwa hawana kura, basi wasihesabiwe kwenye akidi ya kura. Kosa hili ni rahisi kulifanya kwa kuwa wamekaa mbele kabisa. Kisha mwenye kiti aitaje idadi kwa sauti, na Hansadi iandike idadi na saa. Jaji hatauliza ukumbi ulionekanaje. Atauliza namba imeandikwa wapi.

Kwenye mabaraza ya wilaya ugonjwa una sura nyingine: daftari la mahudhurio lina sahihi 30 za asubuhi, na ukumbini baada ya chakula cha mchana wamebaki 14. Wengine wanawahi taksi ya mwisho ya kurudi kwenye kaunti ndogo za mbali, tena mvua ikikaribia hata boda boda hazipatikani. Usiwalaumu; badilisha orodha. Kura zote zije kabla ya chakula, ripoti na maswali baadaye. Na watu wakirudi ukumbini, wahesabiwe upya, kwa kuwa sahihi ya asubuhi haipigi kura ya jioni.

Baada ya kengele ya kufunga

Katibu bado ana kazi ya saa moja. Maandishi ya muswada kama ulivyopita, pamoja na marekebisho yote, yaandaliwe jioni hiyo hiyo na kulinganishwa na jedwali, mmoja akisoma na mwingine akifuatilia kwa kidole. Ujumbe wa kwenda bunge jingine utaje kila rekebisho kwa namba ya kifungu, kwa maana wasipokubaliana, muswada unaenda kwenye kamati ya upatanishi yenye idadi sawa kutoka kila upande, nayo ina siku 30 tu za kupata maandishi ya pamoja. Ujumbe wa jumlajumla unawapotezea wiki ya kwanza wakitafuta walichobishania.

Kisha ifunguliwe karatasi ya kesho. Juu kabisa ziandikwe kauli zilizokosa nafasi leo. Chini yake kura zilizosogezwa, kila moja na idadi ya wajumbe inayohitajika. Chini yake, kutoka daftari la ahadi, majina ya wanaotakiwa kuthibitisha kesho. Ndipo shughuli mpya ziingie, kama dakika zimebaki.